Beryl na Jina la Shufflebottom

"Nitaolewa nawe, Clifford, ila jina lako la ukoo libaki kwenu," alisema Beryl Ormerod, harusi ikiwa imekaribia.

Clifford hakushangaa. Shufflebottom! Kwa Kiingereza, sikio la leo husikia "buruta makalio", na tangu utotoni watu wa mji wao wa Bury, Uingereza, walimpita wakitingisha yao. Yeye mwenyewe alilitaja jina lake akitazama chini. Beryl naye alikuwa mwalimu. Akawaza darasa zima likimwamkia hivyo kila asubuhi.

Habari zikamfikia Hilda, shangazi yake Clifford. Hakubembeleza mtu. Jumapili alimvika Beryl mabuti ya mpira, akamburura mpaka vilimani, juu ya mji.

"Tunaenda wapi, Shangazi?"

"Kwetu. Tembea."

Waliposhuka bondeni, wakamkuta mkulima, mzee Entwistle, akipiga kelele. Kondoo wake mwenye mimba alikuwa amenasa kwenye tope la chemchemi.

"Mgongo wangu umekufa, jamani!"

Beryl hakungoja kuombwa. Aliingia majini, akaegemeza bega kwenye matako ya yule kondoo.

"Sukuma, binti! Unasukuma au unamkanda?" akafoka Entwistle.

Kondoo akachomoka ghafla, Beryl akaanguka kifudifudi topeni. Hilda alicheka hadi akaketi nyasini.

"Sasa tazama ulipolala," alisema akijifuta machozi. "Wazee wetu bonde waliliita 'bottom'. Na hilo 'Shuffle' lilikuwa maneno mawili, 'kondoo' na 'chemchemi': bonde la chemchemi ya kondoo. Ndilo jina letu. Ndimi za watu zimelitafuna karne kwa karne mpaka likawa hilo mnalolicheka. Makalio yamedandia tu!"

Beryl alitema tope. "Mbona Clifford hakuniambia?"

"Clifford? Anadhani tuna babu aliyekuwa kiguru, akijiburuta!"

Jioni Beryl alimsimulia mchumba wake, nywele zingali na tope. Clifford aliweka kikombe cha chai chini.

"Kwa hiyo sisi ni watu wa mahali," alisema.

"Pazuri, tena. Pabichi lakini."

Siku ya harusi, kasisi alipowatangaza Bwana na Bibi Shufflebottom, mtu fulani nyuma aliguna kwa kicheko. Clifford alijibu, "Ndio sisi!" kwa sauti iliyotikisa vioo vya kanisa. Beryl akamshika mkono, wakatoka nje juani wakicheka kuliko wote.