Njahi Zilizokataa Kuiva

Jumamosi asubuhi Wakonyo aliketi kwenye kigoda mlangoni, ungo magotini, akichambua njahi, yale maharagwe meusi ya Wakikuyu. Zilikuwa njahi zilezile alizozichambua Jumatatu na kuziteleka siku tatu mfululizo. Kuni zilikuwa zimekwisha, maji yalikuwa yamekauka na kuongezwa hata akachoka, na njahi zilitoka chunguni kama zilivyoingia, nyeusi na ngumu kama kokoto. Hakushangaa. Tangu serikali ya kikoloni ipige marufuku ngoma za Wakikuyu, hakuna njahi iliyoiva katika kile kijiji cha Ruiru walichohamishiwa kwa nguvu. Uji uliiva, viazi viliiva, hata mahindi makavu yaliiva. Njahi tu ndizo zilizokataa. Tangu zamani zilipikwa penye harusi au penye mtoto mchanga, watu wakicheza uani, nazo zilikuwa zimezoea hivyo.

Ndani ya nyumba binti yake Ngendo alikuwa na mtoto wa siku tisa. Mume wa Ngendo alikuwa kizuizini, na maziwa ya Ngendo hayakutoka. Walimpa uji, wakampa mchuzi, wakamkanda mgongo. Kila mwanamke pale kijijini alijua kwamba kilichobaki ni njahi zilizopondwa na ndizi mbichi. Mtoto alikuwa analia kwa sauti nyembamba, na tangu jana hata hiyo ilikuwa imepungua. Hilo ndilo lililomtia Wakonyo hofu. Kelele angezivumilia.

"Mama Ngendo, twende Thika," mumewe Gachanja alisema. "Kule kwenye shamba la mkonge rafiki yangu Munyao na Wakamba wenzake bado wanaruhusiwa kucheza siku ya Jumapili."

"Njahi zetu na ngoma ya Wakamba zinajuana wapi?"

"Tutazijulisha."

Pasi ya safari iliandikwa na hedimani wa kijiji, Zacharia. Zacharia na Gachanja walikuwa wa rika moja, na kabla hajapewa kofia na bunduki, hakuna aliyemfikia Zacharia kwa kucheza ngoma ya mwomboko, kuanzia Ruiru mpaka Murera. Aliandika kwamba mume na mke wanakwenda kumtembelea rafiki na watarudi kabla ya saa kumi na mbili jioni.

"Usicheze huko, Gachanja," alisema akipuliza wino. "Mkikuyu akicheza ni kosa, hata akiwa Thika."

"Nimesikia."

Jumapili walipanda treni ya asubuhi, daraja la tatu, chungu kikiwa mapajani mwa Wakonyo. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa hawakuwa wamewahi kusafiri pamoja bila mzigo wa kahawa au wa kuni. Gachanja alimshika kiwiko wakati wa kupanda, jambo ambalo mara ya mwisho alilifanya siku ya harusi. Wakonyo aliangalia mashamba yakipita dirishani na kujifanya hakuona, lakini aliona vizuri sana.

Gachanja alikuwa amefanya kazi kwenye shamba lile la mkonge mpaka siku Wakikuyu wote walipoondolewa. Munyao aliwapokea bila maswali, akakiteleka chungu chao juu ya mafiga kando ya uwanja, na mke wake akawapa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na mbaazi. Wakonyo aliichunguza sahani akitafuta viazi na majani ya malenge.

"Kwenu hampondi?" aliuliza.

"Kwetu tuna meno," mke wa Munyao alisema.

Wakonyo alicheka, akala sahani mbili.

Munyao alianza kupiga ngoma, filimbi zikalia, vijana wa Kikamba wakaingia uwanjani wakiruka na kupinduka hewani. Mmoja aliruka akakaa juu muda mrefu hivi kwamba Munyao ilimbidi arudie mdundo mara tatu akimngoja ashuke. Alipotua alipangusa vumbi magotini na kurudi mstarini. Wakonyo alipenda ngoma ile, na alisema hivyo. Kisha akachota njahi moja akaiuma. Ganda lilikuwa limepasuka, lakini ndani bado ni jiwe.

"Zimesikia," mke wa Munyao alisema, "ila hazijaelewa."

Jua lilikuwa limeanza kuinama. Treni ya kurudi ilikuwa ya saa kumi na nusu. Wakonyo aliketi chini kando ya chungu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akalia.

Ndipo Ajwang, Mjaluo wa mashine ya kuchakata mkonge, alipotoka chumbani na kodiani yake kifuani. "Hapo jirani palikuwa na watu wa mwomboko," alisema. "Walichukuliwa wote asubuhi moja. Nyimbo zao bado ninazo, na hakuna aliyerudi kuziulizia."

Gachanja alivua koti.

"Ni kosa," Wakonyo alimwambia.

"Najua."

"Na magoti yako ni mabovu."

"Hilo pia najua, mama Ngendo. Inuka."

Wakacheza. Hatua mbili mbele, kuinama, kuzunguka, hatua mbili tena. Mtu fulani alipata pete kubwa ya chuma akaigonga kufuata wimbo. Wakamba walisimama kuwazunguka, mgongo kwa nje, ili nyapara akipita aone migongo tu. Kwa miaka mitatu Wakonyo hakuwa amecheza, na mwili haukuwa umesahau hata kidogo. Alifurahi, tena alifurahi sana, na akaona haya kufurahi huku mjukuu wake analia njaa Ruiru. Wimbo wa tano chungu kilianza kunukia. Wimbo wa tisa njahi zilikuwa zimelainika mpaka moyoni.

Kwenye lango la kijiji, juu ya daraja la mbao linalovuka handaki lililozunguka kijiji, Zacharia alifunua chungu. Alichukua njahi moja akaiminya kwa vidole viwili, nayo ikapondeka.

"Mmecheza."

"Tumecheza," Gachanja alisema.

Zacharia alilamba vidole vyake, akafikiri kidogo. "Mwomboko," alisema. "Ule wa kuinama mara mbili. Ulichelewa kwenye kugeuka."

"Ni magoti."

Alimhukumu hapohapo kuchimba handaki mwezi mmoja, kuanzia kesho yake. Chungu kilipita, kwa sababu hakukuwa na amri yoyote juu ya njahi zilizoiva. Ngendo alikula, akalala, na alfajiri nguo yake ilikuwa imelowa kifuani. Mtoto alinyonya mpaka akapaliwa. Wakonyo alikaa akimtazama.

Jumamosi iliyofuata mke wa Zacharia alikuja mlangoni na chungu. Mke wa mwanawe alikuwa amejifungua. Nyuma yake walisimama wanawake wawili na vyungu vyao. Wakonyo aliwaeleza kwamba mwomboko ni wa watu wawili, na mwenzake yuko handakini. Jioni hiyo Zacharia alimtoa Gachanja kwa siku moja, akaandika pasi ya watu wawili na vyungu vitatu.

"Zacharia, wewe ulikuwa unamshinda mume wangu," Wakonyo alimwambia. "Kwa nini usiende mwenyewe?"

"Ni kosa," alisema Zacharia.

Jumapili jioni aliwapokea langoni, akaminya njahi ya kila chungu, akalamba vidole, akamwongezea Gachanja mwezi mmoja kwa kila chungu. Ikawa hivyo kila Jumapili. Akina mama walipata maziwa, watoto walinenepa, na hakuna aliyeuliza kama marufuku itaondolewa, kwa maana kijiji kilikuwa kinakwenda vizuri. Mtoto wa Ngendo alipoota meno mawili, adhabu ya babu yake ilikuwa imefika mwaka ambao yeye ataanza shule.

Jumamosi moja Wakonyo alimpelekea mumewe chakula cha mchana. Handaki lilikuwa na kina kirefu sasa, na alilazimika kulala kifudifudi ukingoni ili kumfikishia bakuli. Alikumbuka mkono wa Gachanja kwenye kiwiko chake, siku ile walipopanda treni.

"Vyungu vingapi kesho?" Gachanja aliuliza.

"Saba."

Gachanja alihesabu kwa vidole. Hakuwa akihesabu miezi, alikuwa akihesabu nyimbo. Kisha akala, akamrudishia bakuli, na kuendelea kuchimba.