Mwezi wa Nane Tangu Aache

Walimwita Wembe, na hata mama aliyemzaa alikuwa amekwisha kulizoea jina hilo. Hakulipata kwa ukali, maana mtu mpole kama yule ni wa kutafutwa kwa tochi. Alilipata kwa sababu ya mkono wake. Alikuwa na kibanda cha kinyozi chenye viti viwili, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na benchi la kusubiria. Mtu akikaa kwenye kiti chake alinyolewa kidevu huku anasinzia, akashtuka tu pale spiriti inapomchoma.

Lakini mkono ule ulikuwa wa kuanzia saa nne. Kabla ya hapo ulitetemeka kama wa mtu aliyetolewa kwenye maji baridi, mpaka Wembe aingie nyuma ya pazia, akae huko kidogo, atoke anajifuta midomo. Wateja wa siku nyingi walijua. "Usikae kwa Wembe kabla hajafungua kinywa," walitaniana pale kwenye benchi, "utarudi kwa mkeo na sikio moja." Wembe alicheka nao, akasema hilo la pili atawafungia kwenye karatasi waende nalo.

Hayo yalikuwa ya zamani, kabla hajaacha. Ndivyo ilivyosemwa, na aliyesema kuliko wote alikuwa mama yake.

Mama huyu alikuwa dobi. Mtaa mzima ulimwita Mama Dobi, na mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji tangu ujana. Mke wa Wembe alipochoka, siku ile mumewe alipomsahau mtoto kibandani, akafunga mlango na kwenda kunywa, alimbeba binti yake akarudi kwa wazazi wake. Mwaka ukapita. Ndipo Mama Dobi alipovaa nguo yake nzuri akaenda kwa wakwe, akaketi mbele yao, akasema:

"Ameacha. Nimekaa naye nyumba moja, namnusa asubuhi, namnusa jioni. Nirudishieni mwanangu huyu na mjukuu wangu. Na yule akirudia, sitangoja huyu ajionee. Nitamwambia mimi, kwa kinywa changu."

Yule mke, mkwe wake, alirudi kwa maneno hayo. Hakurudi kwa maneno ya Wembe. Ya Wembe alikuwa nayo gunia zima.

Miezi minne ilikwenda vizuri, haki ya Mungu ilikwenda vizuri. Wembe alinenepa mashavu. Binti yake, aliyekuwa na miaka mitatu, alijifunza kulala juu ya tumbo la baba yake mchana. Mwezi wa tano, siku ya Jumanne, Mama Dobi alikuwa anachambua nguo za kibandani, taulo nyeupe huku na makoti ya kazi kule. Yeye haloweki nguo kabla hajapekua mifuko. Mifuko ya kinyozi ina nywele, ina meno ya chanuo, mara nyingine ina pipi. Siku hiyo vidole vyake vilitoka na kizibo kidogo cha bati, kile cha chupa ndogo bapa ya mfukoni. Akakinusa.

Alisimama na kile kizibo mpaka beseni likajaa likamwagika. Akisema, mkwe anafunga mizigo jioni ile ile, na mtoto anakwenda naye. Asiposema... Hapo hakumalizia. Alikitupa chooni, akafunga bomba, akaendelea kufua. Alijiambia kimoja si kitu, huenda si chake. Mwezi wa sita koti lilinuka pipi za mnanaa, na mnanaa wote huo haukutosha kuficha kilichokuwa chini yake. Akalifua mara mbili. Mkwe alipolipokea likiwa limepigwa pasi alisema, "Asante Mama, linanukia," wakatazamana kidogo, kila mtu akashika kazi yake.

Mwezi wa nane Wembe akaanguka. Ilikuwa Jumamosi mchana, kibanda kimejaa, naye kapanda juu ya kigoda kuchomoa waya wa mashine uliokuwa umekwama. Kigoda kiliyumba, au yeye aliyumba. Mfupa wa paja ukavunjika.

Wodini walimlaza kitanda cha dirishani, mguu ukafungwa na kuvutwa kwa kamba iliyoning'iniza jiwe. Walikuwa wamemchoma sindano ya maumivu, naye akawa na maneno. "Nesi," alisema, "hili jiwe ni langu, au siku ya kuondoka nawarudishia?" Nesi akacheka, wodi ikacheka. Kisha Wembe akasinzia, na nesi akafungua faili, akawageukia wale wanawake wawili waliosimama upande huu na upande huu wa kitanda.

"Ana kisukari?"

"Hana," alisema Mama Dobi.

"Kuna dawa inayomdhuru?"

"Hakuna," alisema mkewe.

"Anavuta sigara?"

"Hajawahi kuweka moshi mdomoni," alisema Mama Dobi, na hilo lilikuwa kweli.

"Pombe je? Anakunywa? Kwa siku kiasi gani?"

Mama Dobi alihisi macho ya mkwe yamemtua usoni. Hakuyatazama. Alitazama kalamu ya nesi, ilikuwa ya bluu, kifuniko chake kimetafunwa.

"Alishaacha," alisema. "Huu mwezi wa nane."

Nesi akamgeukia mke. "Eti, mama?"

"Kama alivyosema Mama," alijibu mkwe.

Kalamu ikaandika. Nesi akaenda kitanda cha pili.

Kesho yake, Jumapili, waliingia saa ya kuona wagonjwa na chakula kwenye bakuli la kufunika. Wembe alikuwa anatoka jasho mpaka shuka limeshika mgongo. Alichukua kijiko, supu ikaishia kifuani. Akajaribu tena, akakirudisha kijiko taratibu kando ya bakuli kama mtu aliyeshiba.

"Sina njaa," alisema. Kisha akamvuta mama yake karibu kwa ukosi. "Mama. Niletee kidogo. Hata kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, hakuna atakayejua."

"Kidogo cha nini?" alisema Mama Dobi kwa sauti ya chini, huku anatazama kama mkwe amesikia. Mkwe alikuwa anakunja taulo. Taulo lile lilikuwa limekwisha kukunjwa.

Kitanda cha jirani alilala mzee mmoja fundi wa paa, mkono umefungwa mbao. Alikuwa mtu wa kusema lolote. "Dada yangu," alimwambia Mama Dobi, "huyo kijana anatafuta ya kuzimua. Nimeanguka na wengi wa namna hiyo, nawajua. Mwambie daktari."

"Mzee, mwanangu hanywi."

"Basi mimi nina mikono miwili mizima," alisema mzee, akageukia ukuta.

"Ni homa ya mfupa," alisema mkwe. "Mfupa ukivunjika huleta homa."

"Ndiyo," alisema Mama Dobi. "Huleta."

Daktari alipita jioni hiyo, kijana mwembamba mwenye viatu vilivyopauka. Alimshika Wembe mkono, akahesabu mapigo ya moyo, akakunja uso. Akahesabu tena. Akafungua faili, akasoma kile kilichoandikwa kwa ile kalamu ya bluu.

"Moyo unakwenda mbio kuliko ninavyotaka," alisema. "Kuna jambo lolote ambalo hamjatuambia? Lolote. Mimi si polisi, wala si mshenga."

Hapo Mama Dobi angesema. Lakini mkwe alikuwa amesimama pale pale, na mtoto mgongoni amelala, mdomo wazi. Akilini alimwona mkwe anafunga mizigo. Aliwaona wale wakwe wanavyomtazama: mama mzima aliyekuja kwao kudanganya. Akajiambia atamfuata daktari kesho, peke yake, ofisini, mkwe akiwa nyumbani. Kesho si mbali.

"Hakuna, daktari," alisema.

Daktari alimtazama mke. Mke alimtazama mama mkwe wake, kisha akainamisha kichwa.

Jumatatu Mama Dobi alitoka mapema, lakini mlinzi alishika geti mpaka saa sita, na daktari alikuwa chumba cha upasuaji. Alipotoka kumtafuta na kuingia wodini alimkuta mkwe amekwisha kufika, amesimama miguuni pa kitanda, mikono mdomoni.

Wembe alikuwa ananyoa. Mkono wa kushoto ulishika kichwa kisichokuwapo, wa kulia ukapita hewani polepole, kuanzia kisogoni kuja juu, kisha ukakung'uta mashine pembeni ya kitanda. Macho yake yalikuwa wazi na hayakumwona mtu.

"Inamisha kidogo, mzee," alisema. "Hivyo hivyo. Nani kafungulia wadudu humu? Waondoeni kwenye taulo." Akapangusa shuka, akapangusa, akarudi kwenye kazi yake. "Wa pili ajiandae."

Kile ambacho Mama Dobi hakuweza kukisahau baadaye ni kwamba mkono ule, uliomwaga supu jana, sasa ulikuwa unakwenda sawasawa, mstari kwa mstari, kama saa nne asubuhi.

Alikimbia. Mwanamke wa miaka sitini na mitano alikimbia kwenye sakafu yenye maji ya dawa mpaka kwenye meza ya manesi, akaishika kwa mikono miwili.

"Anakunywa," alisema. "Kila siku anakunywa. Anaanza asubuhi. Nilidanganya."

Nesi alinyanyuka, na hapo hapo mzee fundi wa paa akaanza kupiga kelele kule wodini akiita mtu aje. Walipofika Wembe alikuwa amekakamaa, jiwe linagonga chuma cha kitanda, povu mdomoni. Walimzunguka. Walichoma sindano moja, wakachoma ya pili. Mshtuko ulikwisha ukaja mwingine. Saa tisa na robo daktari alitazama saa yake, akamwambia nesi saa ile ili aiandike. Wembe alikuwa na miaka thelathini na tisa.

Daktari aliwaita wote wawili kwenye chumba kidogo chenye mashuka yaliyorundikwa. Hakuwapigia kelele. Ingekuwa afadhali.

"Mwili uliozoea pombe miaka mingi ukikatiwa ghafla unaasi," alisema. "Unaweza kuua. Ndiyo maana tunauliza. Hatuulizi ili tumseme mtu. Dawa ipo, iko pale kwenye kabati, hatua kumi kutoka kitanda chake. Ningejua Jumamosi ningempa Jumamosi. Na ini lake lilikuwa limechoka. Angeendelea vile, asingefika mbali. Lakini asingekufa kwa mguu. Si wiki hii."

Walitoka wakaketi kwenye benchi la ukumbini kusubiri karatasi. Mtoto aliomba maji, akapewa. Mama Dobi alitazama mikono yake.

"Nilikuahidi," alisema. "Nilisema nitakuambia mimi. Nikaona kizibo mfukoni, nikakitupa. Sasa utaondoka, na una haki. Nilijua, mwanangu. Tangu mwezi wa tano nilijua."

Mkwe alimpangusa mtoto maji kidevuni.

"Mimi nilijua tangu wa tatu," alisema.

Mama Dobi akamgeukia.

"Vizibo nilikuwa navitoa kabla sijakuletea nguo. Kila Jumatatu jioni. Hicho kimoja kilinipita." Alikuwa anasema kama mtu anayesoma orodha ya nguo. "Ulikuja kwetu, Mama, ukajishusha mbele ya baba yangu. Nikasema mama huyu anaamini kwamba mwanawe amepona. Nani mimi nimvunje moyo? Na zile pipi za mnanaa nilinunua mimi."

"Pale kwa nesi..."

"Pale kwa nesi ulishasema wewe. Mkubwa akishasema, mimi nimkatae mbele ya mtu?"

Walikuwa wamelindana, kila mmoja kwa upande wake, huyu asimuumize yule, na katikati yao palikuwa na mtu anayetoka jasho. Karani akaita jina la ukoo dirishani. Wakanyanyuka wote wawili.

Siku ya kuamkia mazishi wanaukoo walikaa barazani kuandika wasifu. Mwandishi alikuwa shemeji yake Mama Dobi, mdogo wa marehemu mumewe, karani mstaafu mwenye mwandiko wa kupendeza. Ndiye aliyeandika wasifu wa kaka yake pia, baba yake Wembe, aliyekufa na miaka arobaini na minne. Kule aliandika presha. Alikunja suruali magotini, akaweka karatasi juu ya kitabu kigumu, akaandika kuzaliwa, akaandika shule, akaandika ndoa.

"Sasa hapa," alisema, "kilichomuua marehemu. Ajali, si ndiyo?"

Watu waliitikia kwa koo. Mkwe, aliyekuwa mkekani na mtoto mapajani, alimtazama Mama Dobi akasubiri.

"Andika pombe, shemeji," alisema Mama Dobi.

Shemeji akainua kalamu kutoka kwenye karatasi, akamtazama.

"Andika pombe," alirudia Mama Dobi. "Na uandike kwamba mama yake aliulizwa, mara mbili aliulizwa, akakataa."

"Shemeji," alisema yule karani kwa upole mwingi, "karatasi hii itasomwa mbele ya watu. Na huyu mtoto atakua, ataisoma."

"Ndiyo maana nakwambia."

"Uchungu huo," alisema shangazi mmoja. "Mpeni mkono alale kidogo. Marehemu hasemwi hivyo."

"Ni kweli anachosema," alisema mkwe. Lakini alisema kwa sauti ya mtu aliyefundishwa kutosema mbele ya wakubwa, na waliokaa nyuma hawakusikia.

"Basi tumewasikia," alisema karani. "Tumewasikia wote." Akainama juu ya karatasi.

Mama Dobi alikuwa ameishia darasa la nne, na kusoma mwandiko wa mtu kwa mbali hakuweza. Lakini pombe ni neno fupi, alilijua umbo lake. Lilikuwa limeandikwa kwenye kuta za mtaa mzima. Alitazama kalamu ya shemeji yake inavyokwenda. Ilikwenda bila kulichora umbo lile, ikafika ukingoni mwa karatasi, ikarudi, ikaanza mstari wa pili.