Suruali ya Harusi

"Njoo uone! Njoo uone kwa macho yako kabla hujamwamini mtu kwa sababu ya koti jeupe!"

Fundi aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio la cherehani. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha kushonea, amevaa suruali ya harusi yao, kidole gumba amekipenyeza kiunoni kuonyesha kwamba nafasi ipo na inabaki. Suruali ile ilimzidi umri binti yao wa kwanza, na binti mwenyewe sasa ana mume.

"Sasa huyo muuguzi amepima tumbo la nani?" mume aliuliza.

Muuguzi alikuwa amefika asubuhi ile kiwandani, ambako mumewe ni mtunza ghala, akawapima wafanyakazi wote. Kwenye mizani mzee hakutishika. Kisha akazungushiwa futi tumboni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akaambiwa kiuno kisizidi nusu ya urefu wa mtu, na chake kimezidi, tena mbali. Mafuta si adui, muuguzi alimweleza kwa upole, kila mwili unayahitaji. Ila haya ya tumboni hujibanza katikati ya ini na utumbo, na mwenyewe anaweza asisikie lolote mpaka siku ya siku. Aende hospitali keshokutwa, akapimwe presha na sukari.

"Basi utaenda," fundi alisema.

"Kufanya nini? Mizani huharibika. Futi huvutwa. Suruali ina sababu gani ya kunidanganya?"

Fundi akainama, akajifanya anatafuta sindano sakafuni.

Mara ya kwanza fundi alipoiachia mshono suruali ile, mumewe alikuwa ameachishwa kazi. Alikuwa mnyonge, anakaa kitandani mpaka jua kali, na fundi hakuona haja ya kumwongezea jambo jingine la kumvunja moyo. Akaipanua kidogo, akaipiga pasi, akairudisha kabatini. Baadaye mume akapata kazi, moyo ukamrudia, lakini mkono wa mke ulikuwa umeshazoea. Kila nguo ilipoanza kumbana, aliichukua kimyakimya. Vitambaa vilivyobaki vya suti vilipokwisha, alitafuta vya rangi inayokaribiana, akavificha chini ya vitanzi vya mkanda. Kazi safi, hata fundi mwenzake asingeiona. Na mzee alipotamba mbele za watu kwamba mke wake anamlisha vizuri wala hanenepi, yeye alikaa pembeni akila sifa. Tuseme kweli, alizipenda.

Ila shemeji yake, kaka wa mumewe, naye alikuwa na tumbo kama hilo. Aliaga anakwenda kuoga, akatolewa bafuni amebebwa.

"Vua," fundi alisema.

"Mchana huu? Wateja wakiingia je?" Mume alicheka.

"Vua suruali, baba watoto. Sina utani."

Akampa shuka ajifunge. Akaigeuza suruali ndani nje, akachukua wembe, akaanza kukata nyuzi alizozishona mwenyewe. Kiuno kikafunguka taratibu. Kipande cha kwanza kikadondoka mezani, kisha cha pili, kisha kile kipana cha nyuma. Mumewe akakiokota, akakipeleka dirishani kwenye mwanga.

"Hiki si kitambaa cha suti yangu."

"Sicho."

"Tangu lini?"

"Tangu walipokuachisha kazi."

Mume aliketi kwenye kigoda cha wateja.

"Kwenye harusi ya mwanangu nilisimama nikajisifu. Wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ukacheka na watu."

"Nikacheka." Aibu ilimpanda fundi mpaka masikioni. "Nilidhani nakustiri, mume wangu."

"Umenistiri mpaka nimekuwa mgeni wa tumbo langu mwenyewe!"

"Nikasirikie, ni haki yako. Kasirika hata mwaka mzima, lakini uwe hai. Mimi naogopa. Naogopa kukuzika kama tulivyomzika kaka yako."

Mume alikunja kile kitambaa, akakikunjua. Nje mtu alipita akipiga mluzi. Hatimaye akanyanyuka, akaishikilia shuka kwa mkono mmoja na kuinua shati kwa mwingine.

"Haya. Pima wewe. Bila huruma."

Fundi akautafuta ubavu wa mwisho kwa vidole, akashuka mpaka nyonga, akapitisha futi katikati. Mzee alikuwa amejivuta ndani, kifua mbele kama askari wa gwaride.

"Shusha pumzi."

"Nimeshusha."

"Hujashusha."

"Naona aibu," alisema, sauti chini.

"Mimi niliyeyafunika yote haya ndiye unayemwonea aibu?"

Akashusha. Tumbo likaja lote mikononi mwa mkewe, zito, lenye joto. Fundi akaisoma namba kwa sauti, hakuipunguza hata kidogo, akairudia ili aisikie vizuri. Mumewe akatikisa kichwa.

"Keshokutwa utanisindikiza."

"Nitakusindikiza."

Fundi alitaka kuirudisha futi shingoni, lakini mume aliishika ncha moja.

"Geuka na wewe."

"Mimi? Mimi nina nguo za watu mezani."

"Umepima mji mzima. Wewe umepimwa na nani?"

Fundi aligeuka. Alisimama katikati ya chumba, ndani ya gauni pana lenye marinda ambalo alijishonea mwenyewe, mumewe akihangaika kuutafuta ubavu juu ya kitambaa kingi. Futi ilijisokota mgongoni. Aliisikia imesokotwa na hakumrekebisha.

"Shusha pumzi, mama," mumewe alisema, taratibu.

Fundi alitazama mbele, dirishani.

"Nimeshusha," alisema, na kifua chake kilikuwa bado kimejaa hewa.