Pikipiki ya Marehemu Kumi na Mmoja

Mtu akikwambia kuwa Idarusi wa Chumbageni hakuwa mtu wa watu, mkatalie. Kwa miaka miwili, kutoka mjini Tanga mpaka Moa kule mpakani, hapakuwa na msiba uliompita. Alifika kabla turubai halijafungwa, akachimba kaburi, akatia bega kwenye jeneza, akafuta machozi kwa ncha ya kanzu. Msikitini walimtolea mfano. Mkewe Semeni peke yake ndiye aliyekuwa na swali, na alimuuliza kila alipomwona anatafuta kofia asubuhi ya habari mbaya:

"Na huyu aliyekufa, mume wangu, alikuwa na pikipiki gani?"

Maana wahenga walisema kufa kufaana, na Idarusi alilichukua neno hilo akaenda nalo uani kwake, penye vifaa vyake vya ufundi.

Yalianza alipostaafu. Miaka thelathini na moja alifungua na kufunga injini za treni ambazo wengine walizipanda na kuzipigia honi. Chombo cha moto cha kwake mwenyewe hakuwahi kuwa nacho. Ndipo siku moja akaona kwenye simu picha ya pikipiki wanayoiita chopa. Barazani walimcheka, kwa kuwa kwetu chopa ni ile inayoshuka uwanjani na wagombea wakati wa kampeni. Lakini hii ilikuwa pikipiki ya zamani iliyochongwa upya: kiti chini karibu na ardhi, usukani juu usawa wa masikio, na gurudumu la mbele limetangulia huko kama mtu anayewahi pilau. Idarusi aliitazama mpaka simu ikazima. Akataka jambo moja tu duniani: Jumapili moja apite nayo polepole mpaka ufukweni Raskazoni, watu wageuke waulize ile ya nani, na wajibiwe, ya Idarusi.

Vipuri vya chombo kama hicho haviuzwi dukani. Vilikuwa kwenye nyua za wazee waliowahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, vimefunikwa magunia, kuku wanatagia. Na mzee hamwachii mtu hata boliti ya pikipiki yake akiwa hai. Ila wazee hufa.

Basi Idarusi akawa hodari wa matanga. Tangi alilipata siku ya hitima, taa siku ya arobaini. Usagara, alipofariki mzee Timotheo, dereva wa zamani wa shamba, Idarusi alikaa kwenye ibada ya Kilutheri saa tatu nzima, akisimama waliposimama na kukaa walipokaa, na mwishowe Kristina, binti wa marehemu, akampa shokapu za mbele na shukrani juu. Alizikata, akaziunga na nyingine, zikawa ndefu kupita kiasi. Kwa wafiwa hakutaja chopa. Alisema anataka "kumbukumbu ya marehemu". Nani atamnyima mtu mwenye macho mekundu?

Ilibaki injini. Injini ilikuwa Moa, nyumbani kwa Bi Samiha, aliyefiwa na mumewe wiki ile. Bi Samiha alikuwa ndani ya eda, nyuma ya pazia, na mwanamume wa kando humsikia sauti tu. Idarusi aliiona injini kupitia mlango wa uani, ya Kiingereza, nzima, haina hata ufa, na akili ikamruka.

"Bi Samiha," akaliambia pazia, "miye nakusanya vyombo vya marehemu. Ntaunda chombo kimoja kitakachotembea na kuwafaa watu, na kila kikitembea, thawabu zimfikie mzee wetu kaburini. Hakitakuwa changu. Kitakuwa cha Mungu."

Alipofika kwenye "cha Mungu" alilia kwa kwikwi. Sijui kwa nini alikwenda mbali hivyo. Pengine angeomba tu, angepewa. Lakini ulimi ndio uliponza kichwa, na siku ile ulimponza Idarusi kwa raha zake. Nyuma ya pazia Bi Samiha naye akalia, wanawe wakaridhia, injini ikapakiwa.

Miezi mitano baadaye chopa ilikamilika. Na hata mseme nini juu ya mtu yule, kazi aliiweza. Nyeusi inang'aa, ekzosi imenyooka mpaka nyuma, mlio mzito unaotikisa vikombe kwenye kabati la Semeni. Aliitoa mlangoni Ijumaa baada ya sala, awaonyeshe wenzake watano wa barazani.

Walikuja watu mia. Habari ilishatembea, na kila nyumba iliyofiwa ilitaka kumwona mtu wake. Mmoja alishika tangi akasema, "Baba huyu." Mwingine akaibusu taa. Kristina alipiga picha na shokapu. Idarusi alitabasamu.

Ndipo Bi Samiha akashuka kwenye bodaboda, ametoka edani, buibui jipya. Alikwenda moja kwa moja kwenye injini, akaiwekea kiganja. Kisha akamgeukia imamu wa mtaa, Ustadhi Luqmani.

"Ustadhi, nimekuja kushukuru. Tangu mtu huyu aseme chombo hiki ni cha Mungu, thawabu zake zimfikie mume wangu, nalala usingizi. Nakuulizeni tu, kitaanza lini kazi?"

Ustadhi akapandisha miwani. "Cha Mungu? Hiyo basi ni wakfu. Wakfu hauuzwi, haurithiwi, wala si wa mtu."

"Labda alikuwa mwingine, mama," Idarusi akasema haraka. "Moa hufika watu wengi."

Bi Samiha akamtazama juu mpaka chini. "Uso wako ndio kwanza nauona, na si mzuri kivile. Lakini miezi minne na siku kumi sikuwa na kazi ila kusikiliza sauti za watu nyuma ya pazia. Weye ndiye uliyelia kwenye jina la Mungu."

"Siye kwetu wakfu hatuna," Kristina akadakia, "lakini baba alikuwa mzee wa kanisa. Kama vya wenzake vinakwenda kwa Mungu, shokapu zake zisibaki nyuma."

"Bwana Idarusi," akasema Ustadhi kwa upole, na upole ule ndio uliotisha. "Maneno hayo uliyasema, hukuyasema?"

Idarusi aliitazama chopa yake. Miaka miwili! Vidole vyake bado vilikuwa na majeraha ya kazi ile. Akisema hakusema, amemfanya mjane mwongo mbele ya watu mia. Akisema alisema lakini alidanganya, basi amedanganya nyumba kumi na moja zilizofiwa, na siku yake ikifika nani atakuja? Aliliona jeneza lake limekaa sebuleni, Semeni peke yake na udi, na Chumbageni nzima ghafla ina shughuli. Aliogopa, akaogopa kweli.

"Nilisema," akasema.

"Sauti, bwana."

"Nilisema!"

Watu wakaleta takbiri. Semeni, mlangoni, alijiziba mdomo kwa kanga, na mabega yalikuwa yanamcheza.

Kamati ya watu saba iliundwa papo hapo. Kwetu huchukua mwaka kuziba shimo la barabara, lakini kamati huzaliwa kabla chai haijapoa. Ikaamuliwa pikipiki ifungiwe tela nyuma, ibebe masufuria ya pilau, viti na turubai kwenda kwenye misiba, ya Waislamu na ya Wakristo. Idarusi akateuliwa dereva, bila ya malipo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kuupinda usukani ule. Raskazoni marufuku, wakfu si wa matembezi. Ufunguo utakaa kabatini msikitini, pamoja na sanda.

Jumanne kukawa na mazishi Usagara. Idarusi alikwenda kuchukua chombo akamkuta Asheri, mwandishi wa mabango, ameinama juu ya tangi na brashi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wafanya nini?"

"Kamati imesema majina yaandikwe, watu wawaombee."

Yalikuwepo yote, kwa rangi ya dhahabu, kumi na moja, Timotheo wa tatu na mume wa Bi Samiha wa mwisho. Chini yake palikuwa na mstari mtupu.

"Hapa umemsahau nani?"

"Sijasahau, mzee. Kamati imesema na weye usikose, jasho ni lako. Ila wanaoandikwa ni marehemu tu, basi nikakuachia nafasi. Na rangi nimebakisha, isije ikatofautiana."

Idarusi akaipima ile nafasi kwa vidole, herufi kwa herufi. Jina lake lilienea sawasawa.