Mtani wa Treni za Kuku

Mimi sina haya. Nawaambia mapema msije mkanishangaa. Ni Mnyamwezi wa Nzega, nafanya biashara ya kuku, na mdomo wangu umezoea makelele ya mnadani. Kwa Wanyiramba wa Shelui mimi ni mtani, maana yake nina ruhusa. Msibani kwao naingia kama kwangu. Navaa nguo za marehemu, natembea kama yeye, naongea kwa sauti yake, nawatukana wanawe mbele ya mchungaji, nalala njiani jeneza lisipite mpaka nipewe kuku. Na hakuna wa kununa, kwa sababu mtani hakasirikiwi. Ndiyo maana nasema sina haya. Niseme vizuri: nilikuwa sina. Tangu mwezi wa nane, basi likikaribia Shelui najifunika kanga usoni kama mwizi wa mbuzi.

Aliyekufa ni mzee Elisha wa Treni za Kuku. Kama umewahi kupita barabara ile ya Singida kwenda Nzega, lazima umeziona, zimetundikwa kwenye misumari karibu na maegesho ya malori. Kichwa cha treni cha bati na mabehewa matatu nyuma, rangi ya kijani, mstari wa njano, magurudumu ya ndala zilizokwisha, na ubavuni kuku mweupe. Madereva wa malori wamezipeleka kwa watoto wao mpaka Kahama, mpaka Bukoba, mpaka Kigali huko. Kuna watu wazima wenye vipara wanaosema walilelewa na treni ya Elisha.

Mimi na yeye tulitaniana miaka mingi. Nilimwita mume wangu, na mkewe Marietha nikamwita mke mwenzangu, na kila nikishuka kununua kuku nilipita karakanani kumwambia kuku wake wa rangi anafanana na kunguru mwenye njaa. Yeye naye alikuwa ananijibu kwamba amemchora kwa kunitazama mimi. Nilimpenda yule mzee. Basi niliposikia amefariki nililia njia nzima, halafu pale kituoni nikafuta machozi, nikaingia kufanya kazi yangu.

Siku ya mazishi nilikuwa nimeshavaa koti lake la kahawia na kofia yake ya sufu, nimekaa kiti cha mbele kabisa chini ya turubai, nakohoa kama yeye. Mwinjilisti akamkaribisha Manase, mtoto mkubwa, ambaye ndiye mwenye karakana sasa, asome historia. Kwenye misiba mingine inasomwa historia ya mtu: kazaliwa, kabatizwa, kaoa. Hapa ilisomwa historia ya treni, maana mzee na treni zake hukuweza kuwatenganisha.

“Baba alianza kama fundi bati,” Manase akasoma. “Alitengeneza koroboi na makarai.”

“Na koroboi zote zilivuja!” nikadakia kwa sauti ya marehemu. “Nimeunguza nyumba za watu mimi!”

Watu wakacheka. Manase naye akatabasamu, akaendelea. Akasema siku treni ilipoanza kufika Singida mjini, baba yake alipanda lori la pumba kwenda kuitazama.

“Muongo!” nikasimama. “Nilikwenda kutazama wanawake wa mjini! Treni niliikuta tu pale imesimama!”

Loo, turubai zima liliangua kicheko, hata mwinjilisti akaficha uso kwenye Biblia. Manase akasubiri watulie. Akasoma jinsi mzee alivyorudi na picha ya treni kichwani, akakata debe la mafuta ya kula kwa mkasi wa bati, akaunga, akapasua, akaunga tena. Dereva mmoja wa Mwanza akaiona na kuichukua kwa ajili ya mwanawe. Wiki iliyofuata wakaja madereva wengine wakiitaka ile ile. Baadaye mafundi wa Igunga wakaanza kuiga, ndipo mzee akaweka alama yake ya kuku, kwa kuwa Singida ni mkoa wa kuku.

“Kwa kuwa sijui kuchora kitu kingine!” nikasema. “Nilijaribu simba akatoka kama nguruwe!”

Halafu akasoma sehemu moja ambayo sikuitania. Ilifika miaka treni ikaacha kuja Singida, reli ikaota majani, na watu wakadhani na treni za Elisha zitakufa. Kumbe ndipo zilipopendwa zaidi. Mtoto wa Ulemo au wa Nduguti ukimtajia treni, alijua unasema ile ya bati, kwa sababu nyingine alikuwa hajaiona. Hapo niliinamisha kichwa kidogo. Mzee alistahili.

“Na leo,” Manase akamalizia, “karakana inatengeneza mchongoko, treni nyeupe ya kisasa. Kuku hachorwi tena kwa mkono. Anachapwa kwenye stika huko mjini, na kuku wote wanafanana.”

Eeh! Stika! Nikaona hapo ndipo pa kumshika. Karakana yenyewe ilikuwa pale pale ukingoni mwa turubai, mlango umefungwa kwa kofuli kubwa kwa sababu ya msiba. Nikaokota kijiti nikakifanya brashi. Nikajikunja mgongo, nikatetemesha mkono kama mzee alivyokuwa anatetemeka siku za mwisho, nikajikokota hadi mlangoni, nikatikisa lile kofuli.

“Manase! Manase mwanangu! Nifungulie! Kuku wangu hajapata mguu!”

Hakuna aliyecheka.

Nikadhani hawajasikia. Mjinga mimi. Nikatikisa kofuli kwa nguvu zaidi, nikapiga kelele mpaka wale wa jikoni wakatoka na miko mikononi.

“Basi hata rangi nitolee nje, mwanangu! Nitachorea hapa hapa chini!”

Watu wanatazama viatu vyao. Kuna mama alikuwa na mtoto anacheka, akamziba mdomo. Jesca, jirani yao, ambaye huwa ananifungia kuku kwenye matenga, akanijia haraka akanishika mkono.

“Dada Luciana, basi,” akaninong'oneza. “Usiendelee. Hiyo ndiyo yenyewe.”

“Yenyewe nini?”

“Ndivyo ilivyokuwa. Mkono ulipoanza kumtetemeka, kuku wakawa wanatoka kombo. Wenye maduka ya Dodoma wakarudisha mzigo. Manase akamfungia mzee nje. Alikuwa anakaa hapo hapo uliposimama, anagonga, anaomba rangi. Sisi majirani tulikuwa tunasikia.”

Jamani, mimi sikujua! Haki ya Mungu sikujua. Nilitania kama tunavyotania misiba yote, kwamba watoto wamemnyima mzee uji, wamemnyima blanketi, uongo mtupu wa kuchekesha. Nikakumbuka mwaka huu mwanzoni nilimkuta amekaa kwenye gogo hapo nje na brashi kavu mkononi. Nikamwita mvivu. Nikamwambia umestaafu sasa, unaota jua kama mjusi. Akacheka, akaniuliza bei ya kuku. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na koti lake mwilini.

Nilikuwa natafuta namna ya kulivua nilipomwona Manase anakuja. Amekunja ile karatasi ameitia mfukoni. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Nikasema moyoni, atanipiga, na anipige tu, ila ataaibika zaidi, maana aliyempiga mtani msibani hatazikwa na watu. Hakunipiga. Alipiga magoti mbele yangu, kwenye vumbi, na suti yake ya msiba.

“Shikamoo, baba,” akasema.

Nikamtazama kichwa chake. Mtu wa miaka arobaini na kitu.

“Nisamehe, baba. Niliona aibu mbele ya wenye maduka. Nikafunga mlango. Ulikuwa unaniita, na mimi niko ndani nagonga bati kwa nguvu ili nisikusikie.”

Mnaelewa nilipokuwa? Kwa mila, mtani aliyevaa nguo za marehemu ndiye marehemu mpaka kaburi lifukiwe. Asubuhi nzima nilikuwa Elisha. Nilikohoa kama Elisha, nikatukana kama Elisha, watu wakanipa chai ya Elisha. Sasa mtoto wake anaomba kwa Elisha, na kila mtu chini ya lile turubai anangoja Elisha aseme. Na mimi sikuwa na hata neno moja la Elisha. Kama ningesema “mimi ni Luciana tu,” ningekuwa nimemwacha pale vumbini, amejivua nguo mbele ya kijiji kizima bure. Nikamtafuta Marietha kwa macho. Alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na jeneza. Aliinua uso, akanikazia macho. Sikuelewa anasema nini. Siyo kweli. Niligeuza uso haraka ili nisielewe.

“Marahaba, mwanangu,” nikasema kwa sauti ya mzee. “Nimekusamehe. Inuka sasa, watu wana njaa.”

Wee! Vigelegele! Watu walicheka huku wanalia. Manase alinikumbatia, akalilowesha koti lote kwa machozi. Mwinjilisti akasema Bwana asifiwe, hata utani ni njia ya Mungu. Wazee wakanipa mkono, mmoja akaniambia hajawahi kuona mtani kama mimi. Na mimi, mbaya zaidi, nilifurahi. Tulipokwenda makaburini nilitembea mbele kabisa, kifua mbele, kama mtu aliyefanya jambo.

Baada ya kuzika, chakula kilipoanza kugawiwa, Marietha aliniita nyuma ya jiko. Alikuwa peke yake, anakunja vitenge vya msiba.

“Mke mwenzangu,” nikaanza, “mume wetu leo ametusumbua—”

“Luciana, vua hilo koti.”

Nikalivua. Akalipokea, akalikung'uta vumbi, akalikunja vizuri sana, mikono ndani, kama linakwenda kuuzwa.

“Ulimsamehe kwa niaba ya nani?” akaniuliza. Hakupandisha sauti.

“Mama Manase, nilifanyaje? Mtoto amepiga magoti, watu wote wanatazama…”

“Mume wangu alikaa kwenye lile gogo mwaka mzima na zaidi. Nilimwambia, Elisha, msamehe mtoto uingie ndani ulale. Akakataa. Akasema, aje yeye mwenyewe anifungulie mlango, nitamsamehe siku hiyo hiyo. Manase hakuja. Mzee alipozidiwa nikamwuliza tena, kwa mara ya mwisho. Akatikisa kichwa. Amekufa hajasema.” Akanitazama. “Mimi ndiye niliyebaki kuambiwa. Nilikuwa namngoja mwanangu aje kwangu anieleze alichomfanyia baba yake. Angekuja. Mimi ndiye niliyemzaa, namjua, matanga yasingeisha kabla hajaja. Sasa aje kufanya nini? Ameshasamehewa na baba yake. Watu wamepiga vigelegele.”

Nikamwambia anigombeze. Nikamwambia anipige makofi, anifukuze, nisikanyage tena Shelui.

“Nitakugombezaje? Wewe ni mtani,” akasema. Akaweka koti juu ya vitenge. “Nenda tu kamwambie ulikuwa unatania.”

Nilikwenda. Msidhani sikwenda. Nilipita katikati ya watu na maneno yamenijaa mdomoni: Manase, baba yako hakusema vile, ni mimi, nenda kwa mama yako. Nilimkuta amekaa na shemeji zake. Jesca alikuwa ameniambia hajatia kitu mdomoni tangu mzee afe, na sasa alikuwa anakula, analamba vidole, anacheka, uso umekunjuka kama wa mtoto aliyepona homa. Aliponiona akasimama haraka. Akanipa kiti chake, akaninawisha mikono yeye mwenyewe, akachagua paja la kuku akaniwekea kwenye sahani kwa mikono miwili.

“Karibu baba,” akasema. “Kula.”

Nyuma yake, mlangoni mwa jiko, Marietha alikuwa amesimama ananitazama.

Nikala.