Kitufe Chekundu cha Paka

Hakuna kitu kilichomkera Dada Mitambo kama kicheko cha wale wanaume wa uokoaji. Walicheka wakivua buti, walicheka wakinywa chai, na siku ile walikuwa wanacheka huku mdogo wake hajarudi.

Yeye alikaa kwenye chumba cha mawasiliano cha kituo, chumba chenye dirisha moja la kuutazama mlima na skrini ya kuwatazama waliopanda. Kila mwokoaji alipanda na kifaa chake cha dharura kifuani, kitu cha rangi ya chungwa, ukubwa wa kipande cha sabuni, kinachozungumza na setilaiti hata pale simu inapobaki kuwa tochi tu. Kina vitufe viwili. Kijani maana yake niko salama. Chekundu, kilichofichwa chini ya kifuniko, maana yake nimepatwa, njooni. Bonyeza chochote kati ya hivyo, Dada Mitambo anaona ulipo. Akikuandikia ujumbe, unausoma hukohuko uliko. Kitu cha maana kabisa, laiti kingekuwa mikononi mwa watu wenye akili timamu.

Maana wale waungwana walikuwa na ugonjwa wao. Kwao kubonyeza chekundu ilikuwa aibu. Mwokoaji aokolewe? Nyoo! Mwenzao mmoja alitegua kifundo cha mguu kwenye mawe, akabonyeza, wakamshusha kwa machela huku wakimwimbia mpaka chini. Tangu hapo jina lake likafa. Akawa Kengele, na kwenye mkoba wake ikafungwa kengele ya mbuzi, eti asijisumbue kubonyeza tena. Aliyeifunga kwa mikono yake ni Paka, mdogo wake Dada Mitambo, aliyeitwa hivyo kwa jinsi alivyopanda kuta za mawe. Dada alimkanya siku ileile. Paka akacheka, akamwambia, "Utani huo, dada. Acha kujizeesha."

Siku hiyo walikuwa wamewashusha wanafunzi wawili waliopotea mlimani. Kazi ilipokwisha, Paka akawaambia wenzake watangulie, yeye anakusanya kamba, atawakuta njiani. Hakuwakuta. Kilichofika kituoni ni kijani chake. Baadaye kidogo kikaja kijani kingine, kutoka palepale.

Dada Mitambo akaisogeza ramani. Alama ya Paka haikuwa njiani. Ilikuwa ndani ya korongo, chini ya ukuta wa mawe, mahali ambapo mwokoaji hasimami hata kufunga kamba za viatu, kwa sababu mvua ikinyesha kileleni maji hushuka humo bila hodi. Na kilele kilikuwa kimeshaingia kwenye wingu zito.

Akamwandikia upesi: "Umeumia?"

Akajibiwa kwa kijani.

"Mwongo mkubwa wewe," akaiambia skrini. Akainuka, akaenda chumba cha pili alikokuwa Mkuu wa kituo na vijana wake, miguu juu ya viti, vikombe mkononi.

"Mkuu, Paka yuko korongoni na hasogei."

"Amebonyeza nini?"

"Kijani. Lakini..."

"Kijani ni kijani, Dada Mitambo. Anapumzika. Watu wangu hoi bin taabani, niwarudishe juu kwa sababu dada mtu ana wasiwasi? Angeumia si angebonyeza chekundu?"

"Paka abonyeze?" akadakia Domo, bingwa wao wa mizaha. "Labda mlima ndio ubonyeze uje kuokolewa na Paka!"

Wakaangua kicheko, na Mkuu naye akatabasamu ndani ya kikombe chake. Hapo ndipo hasira zilipompanda mwanamke yule. Alikipiga kiti cha Domo teke, chai ikamwagika.

"Cheka, Domo! Cheka mpaka meno yakauke! Hatabonyeza, na wote humu mnajua hatabonyeza, kwa sababu anawaogopa nyie kuliko anavyoogopa kufa! Mmepewa kifaa kinachofika huko juu mbinguni na kurudi, mkakishinda kwa kengele ya mbuzi! Hamna haya?"

"Chunga ulimi wako," akasema Mkuu.

"Uchunge wewe huo ulimi! Mimi nachunga mtu!"

Ikasikika kengele, ting, kule kwenye kona. Kengele alikuwa anaweka mkoba kando ili afunge buti vizuri. Hakuwa amecheka. Wala hakuna aliyekumbuka kama alikuwemo.

"Dada," akasema, "mwandikie. Lakini iandike kutoka kwangu."

Dada Mitambo akarudi mbio kwenye skrini, naye Kengele akasimama nyuma yake akisema, yeye akiandika: "Kengele hapa. Napanda sasa hivi, peke yangu. Ukibonyeza, tutakuja wengi na machela. Sitakucheka."

Ujumbe ukaondoka. Wakangoja. Dirishani kilele hakikuonekana tena. Kengele akatazama mara moja, akavuta pumzi, akaushika mlango.

King'ora kikalia. Skrini ikawaka nyekundu.

Dada Mitambo akalia machozi ya hasira, si ya furaha, kwa sababu wale waliokuwa hoi bin taabani walikuwa wameshasimama wote, vikombe chini, kamba begani, na Mkuu alikuwa anapiga kelele za amri utadhani yeye ndiye aliyewaamsha. Kumbe nguvu walikuwa nazo muda wote huo!

Walimkuta maji yakimfika kiunoni, jiwe limemlalia mguu. Wakamtoa. Hospitalini daktari alisema mguu ulikosa damu muda mrefu mno, wakaukata chini ya goti. "Mngefika mapema kidogo," akasema daktari, kwa upole tu, kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Paka alipopata nafuu ya kukaa, wenzake wakaja kumwona, wamesimama kama wanafunzi waliochelewa. Domo alipoinama kumpa mkono, mfuko wa koti lake ukalia. Ting.

Paka akalitazama shuka, pale lilipolala bapa.

"Toa," akasema Dada Mitambo.

"Aa, dada, niliichomoa tu kwenye mkoba wa Kengele, nikasema nimchangamshe mgonj..."

"Toa, nimesema!"

Domo akaitoa. Muuguzi akachungulia mlangoni, akaona sura ya mwanamke yule, akarudi zake.

"Dada, waache," akasema Paka polepole. "Niliifunga mimi ile."

"Najua uliifunga wewe!" Sauti ikampasuka. "Unadhani nimesahau? Nimekulea mimi, nimekubeba mgongoni mimi, halafu umelala chini ya jiwe, nakuuliza umeumia, unanibonyezea kijani! Mimi! Ungekufa ukiniambia uko salama!"

Machozi yakamshuka Paka mpaka kidevuni, mbele yao wote, na safari hii hakuna aliyepata la kuchekesha.

Kengele akanyoosha mkono kwa Domo. "Nipe. Hiyo ni yangu." Akaifunga tena kwenye mkoba wake, fundo juu ya fundo, akahakikisha imekaza. "Asivalishwe mtu mwingine." Akamgusa Paka begani, akamwambia zamu inamngoja, angepita tena kesho.

Akatoka. Wodi nzima ikamsikiliza akienda zake kwenye korido ndefu, akashuka ngazi, kengele ikilia kwa kila hatua, mguu huu, na mguu ule.