Unga wa Maharage ya Shangazi

Fukusi walikuwa wazima. Si wazima tu, walikuwa wamenona, wanatembea ndani ya kisahani kama wapangaji waliolipa kodi ya mwaka. Msaidizi wa maabara alifunga kifuniko, akakifungua tena, maana macho nayo huwa yanadanganya. Hayakudanganya.

Jamani, mwezi uliopita si walikufa wote? Mkono ni ule ule, kisahani ni kile kile. Alichukua unga wa kunde, akachanganya na unga wa maharage meusi ya shangazi yake, akafinyanga punje, akaziacha zikauke kivulini, fukusi wakataga mayai juu yake. Maharage yale yana protini inayolifunga tumbo la mdudu: anakula wanga, haumeng'enyi, anakufa na njaa huku mdomo umejaa. Hilo alilishuhudia mwenyewe. Sasa hii nini?

"Labda wamezoea," fundi wa mizani alimtania. "Kama watoto wa bweni. Muhula wa kwanza wanalia, wa pili wanaomba waongezewe."

"Kaka, niache. Leo sina kicheko."

Alipima mizani upya. Alisoma lebo hadi herufi zikaanza kucheza. Alimshuku mfagizi, akamshuku fundi, mwisho akajishuku mwenyewe, akakaa juu ya ndoo.

Daktari, mkuu wa maabara, hakuwa mtu wa maneno mengi. "Jumatatu nafunga orodha ya mbegu ambazo kinga yake tutaihamishia kwenye kunde. Za shangazi yako nazifuta. Mara zinaua, mara zinanenepesha. Nikiulizwa, nitajibu nini?"

Kufutwa kwa maharage yale kulimuuma kuliko kufukuzwa kazi. Shangazi ndiye aliyemlea, na shangazi ndiye pekee aliyekuwa bado anayapanda. Majirani waliyaacha zamani, eti magumu, eti yanasokota tumbo. Maabara ikiyakataa, siku bibi yule akifumba macho yatakwenda naye. Na msaidizi wa maabara alikuwa amemwahidi shangazi, kwa mdomo wake, kwamba hayatapotea.

Jumamosi alfajiri alikwenda kwake. Shangazi alimpokea kwa vigelegele, akamkalisha jikoni, kisha akamtazama usoni.

"Mbona umesawijika hivyo, mwanangu? Mume?"

"Wadudu, shangazi."

Akamweleza yote. Bibi alisikiliza huku akikuna kidevu, naye hakuelewa kitu. "Mbona nilikupa yale yale? Tena safari ya pili nilikusagia kabisa, nikupunguzie kazi."

Msaidizi wa maabara akakumbuka. Kweli, safari ya kwanza alichukua punje nzima. Ya pili alipewa unga, nao ulinukia vizuri. Alidhani ni harufu ya jiko la nyumbani tu.

"Shangazi, ulisagaje?"

"Kama watu wanavyosaga! Nikakaanga kwanza, taratibu, nikamenya, nikatwanga."

"Ulikaanga?"

"Ee! Nikupe unga mbichi, mimi? Umesahau ulivyotafuna mabichi utotoni, ukatapika siku mbili? Nilikesha nawe mgongoni!"

Loo! Alicheka hadi machozi, kisha machozi yakaendelea bila kicheko. Kilichomtapisha utotoni ndicho kilichokuwa kinamuua fukusi. Moto ulikitoa makali, na shangazi aliuwasha kwa mapenzi matupu.

Alimpigia Daktari simu pale pale. Daktari alijibu: "Lete mabichi kabla ya Jumatatu, kopo moja, nami sitayafuta hadi turudie jaribio."

"Shangazi, yamebaki mabichi?"

"Yalibaki ya mbegu." Bibi alitazama mlangoni. "Nimepanda jana."

Bibi akainuka, magoti yakilalamika, akachukua jembe.

"Mvua bado, udongo mkavu. Tukafukue."

"Hapana, shangazi! Ukifukua utabaki na mbegu gani?"

"Na nisipofukua, mbegu itakuwa ya nani? Nyinyi wote mmehamia kwenye sakafu ya saruji."

Neno lilimchoma, kwa sababu lilikuwa la haki. Akainama. Walifukua shimo moja baada ya jingine, wakipangusa punje kwa vidole na kuzitia koponi. Asubuhi ikapita, migongo ikauma, na kopo likajaa hadi shingoni. Walipofika mstari wa mwisho, wa ukingoni, msaidizi wa maabara alipita juu yake bila kuinama, akaushindilia udongo kwa kisigino.

Shangazi aliona.

"Na huu je?"

"Huu ni wangu. Nitakuja kuupalilia mwenyewe."

Bibi alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vyake vyeupe vya maabara, vilivyokuwa vyeupe asubuhi.

"Kwa viatu hivyo?" aliuliza, akamkabidhi jembe.